Karatasi za Marehemu na Amana ya Paul Léon

Katika vitu anavyoviacha mtu akifa, vinavyopuuzwa upesi ni karatasi. Nyumba itagawanywa, shamba litapimwa, dhahabu za mke zitajulikana ziko wapi na ngapi. Ama barua na madaftari, hayo huachiwa panya na mchwa, au hutupwa jaani siku ukuta unapopakwa chokaa. Yamkini, msomaji mpenzi, hapo chumbani mwako pana kasha lenye barua za babu yako ambazo hujapata kuzifungua. Nani mwenye haki nazo? Je, zisomwe, na asome nani? Zikiwa na siri za mtu na mkewe, zihifadhiwe au zichomwe moto? Haya ni maswali ambayo watu wenye elimu kubwa wamegombana kwayo, na kisa ninachotaka kukuhadithia leo ni cha karatasi za mtu mmoja wa Ireland, mtunzi wa riwaya, aitwaye James Joyce.

Huenda ukauliza: ya nini kututajia mtu huyu? Ni kweli kwamba Joyce si mtu ambaye mzee wa heshima angemweka mbele ya wanawe kuwa ni kiigizo. Alilelewa na kusomeshwa na mapadri wa Kijesuti, kisha akaiacha dini yao. Alikuwa mlevi, hodari wa kukopa na mzito wa kulipa. Na kitabu chake kikubwa, *Ulysses*, kilipigwa marufuku Marekani mpaka hakimu alipokiruhusu mwaka 1933. Lakini sikukusudia kumsifu yeye. Ninaowataka uwajue ni watu waliozichukua karatasi zake mikononi: waliozihifadhi, waliozichoma, waliozipiga mnada, na mmoja hasa ambaye alikaa karibu nazo mpaka akauawa.

Joyce alizaliwa Dublin mwaka 1882. Mwaka 1904, akiwa kijana wa miaka 22, aliihama Ireland pamoja na msichana aitwaye Nora Barnacle, na tangu hapo aliishi ugenini: Trieste, Rome, Zurich, kisha Paris. Mtu anayehama nyumba mara kwa mara, tena kwa kukimbia wenye nyumba wanaomdai kodi, hawezi kuwa na kabati la kuhifadhia mambo yake. Kila mahali alipopita aliacha furushi nyuma. Na ndiyo maana karatasi zake zina hadithi ndefu kuliko za mtunzi aliyezaliwa na kufa katika nyumba moja.

Neno letu mswada, kama wajuavyo waliosoma Kiarabu, asili yake ni weusi: ni karatasi iliyotiwa weusi wa wino kabla kazi haijanakiliwa ikawa safi. Basi miswada ya Joyce ilikuwa meusi kweli kweli. Alikuwa akiandika, akifuta, akiongeza pembeni, mpaka mpiga chapa akakata tamaa. Macho yake yalikuwa mabovu, yalipasuliwa mara nyingi, na katika miaka ya mwisho alikuwa akiandika kwa kalamu za rangi na herufi kubwa ili apate kuziona. Mtu wa namna hiyo kila sahifa yake ina thamani, kwa sababu ikipotea hana nguvu ya kuirudia.

Na zilikaribia kupotea mara nyingi, mara ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Karibu na mwaka 1911, akiwa Trieste, wachapaji walikuwa wamemzungusha miaka mingi kwa kitabu chake cha hadithi za Dublin. Siku moja hasira zikampanda, akautia motoni mswada wa riwaya yake nyingine, ile iliyokuja kujulikana baadaye kwa *A Portrait of the Artist as a Young Man*. Dada yake Eileen aliyekuwa akikaa nao ndiye aliyeunyakua. Karatasi zilizoungua pembe zikafungwa katika shuka kuukuu, zikakaa hivyo miezi kadhaa mpaka mwenyewe hasira zilipompoa akazirudia. Leo hii riwaya hiyo husomeshwa vyuoni dunia nzima.

Mara nyingine moto ulitoka nje. Mwaka 1921, huko Paris, Joyce alitafuta mtu wa kumpigia taipu sehemu moja ndefu ya *Ulysses*, na kila mwanamke aliyepewa aliirudisha. Hatimaye mmoja alikubali. Mumewe alikuwa Mwingereza mwenye kazi ubalozini. Akaziona zile karatasi mezani, akazisoma, akakasirika kwa aliyoyasoma, akazirarua nyingine na kuzitia motoni. Yule mke alipata kuzificha zilizobaki, akamrejeshea Joyce kwa hofu. Mimi nakubali kwamba mtu ana haki ya kutopenda maneno fulani yaingie nyumbani mwake. Lakini karatasi zile hazikuwa zake wala za mkewe; mkewe alikabidhiwa ili azinakili na kuzirudisha. Lau asingezipenda, mlango ulikuwa wazi kuzirudisha kama walivyofanya wenzake.

Kilichomwokoa Joyce safari hii ni mauzo. Alikuwa akiuza nakala safi ya *Ulysses*, aliyoiandika kwa mkono, kidogo kidogo kwa wakili mmoja wa New York aitwaye John Quinn, ambaye wazee wake walitoka Ireland. Kurasa zilizoungua zilikuwa zimekwisha vuka bahari, kwa hiyo Quinn akazipiga picha akampelekea. Quinn alikuwa mfadhili, na aliwatetea mahakamani wanawake wawili waliokuwa wakikichapa kitabu hicho katika jarida lao, hata akashindwa kesi mwaka 1921. Lakini mwaka 1924 aliamua kuuza vitu vyake mnadani, na mswada wa *Ulysses* ukanyakuliwa na tajiri wa biashara ya vitabu, A. S. W. Rosenbach, kwa dola 1,975. Joyce aliumia sana. Aliona kazi ya miaka saba imetiwa bei ya kitu duni, na katika faida ile hakuona kitu cha maana. Hata hivi leo mswada huo uko Philadelphia, katika nyumba ya makumbusho yenye jina la Rosenbach. Ndivyo ilivyo kwa kilichouzwa: mwenye kuuza hana tena sauti.

Sasa tuje kwa ndugu yake. James Joyce alikuwa na mdogo wake, Stanislaus, aliyemfuata Trieste mwaka 1905. Katika nyumba nyingi yupo mtu wa namna hii, ambaye mwenziwe ndiye mwenye jina na yeye ndiye mwenye mzigo. Stanislaus alisomesha Kiingereza kutwa nzima, akalipa kodi, akalipa madeni ya kaka yake, akamtafuta vilabuni usiku na kumrudisha nyumbani. Vita vya 1914 vilipokuja, serikali ya Austria ilimfunga kambini kwa kuwa ni raia wa Uingereza, akakaa huko mpaka vita kwisha. Mwaka 1920 Joyce alipohamia Paris aliacha Trieste vitabu na furushi za karatasi, na mwenye kubaki nazo akawa ni Stanislaus. Ndani yake, pamoja na miswada, zilikuwamo barua ambazo Joyce alimwandikia Nora mwaka 1909, alipokwenda Dublin kwa shughuli zake na Nora akabaki Trieste. Hizo ni barua za mtu na mwenzake wa ndani. Nyingine ni za wivu na kilio, nyingine ni za mambo ambayo haifai hata kuyataja katika gazeti linalosomwa na baba, mama na watoto.

Stanislaus alikufa mwaka 1955. Aliacha mjane na mtoto wa kiume wa miaka 12, na mali yake kubwa ilikuwa ni hizo karatasi. Mwaka 1957 mjane akaziuza kwa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Nani atamlaumu? Lakini fikiri, msomaji: aliyeziandika barua alikuwa amekufa, aliyeandikiwa, yaani Nora, naye alikuwa amekufa tangu 1951, na aliyeziuza hakuwa mwandishi wala mwandikiwa. Mwaka 1975 zilichapwa zote kwa ukamilifu katika kitabu, na maneno ambayo mwanamume aliyaandika usiku kwa jicho la mtu mmoja yakawa yanauzwa madukani. Barua moja ya mwaka huo wa 1909, iliyokuwa imepotea njia nyingine, ilipigwa mnada London mwaka 2004 ikafikia pauni 240,800. Nora, ambaye alipata kukosa pesa ya kununulia watoto viatu, hakupata kuiona hata pauni moja katika hizo.

Nimekaa hapa kwa sababu nataka uyaone vizuri aliyoyafanya Paul Léon.

Léon alikuwa Myahudi aliyezaliwa Urusi mwaka 1893, mwanasheria na mwanachuoni, aliyehamia Paris pamoja na mkewe Lucie baada ya mapinduzi ya nchi yao. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 alikuwa rafiki wa Joyce, na kwa karibu miaka kumi alikuwa akimfanyia kazi zote za karani bila ya mshahara wowote. Alijibu barua, aliandikiana na wachapaji na mawakili, alisoma naye miswada ya kile kitabu cha mwisho, *Finnegans Wake*, kilichochukua miaka kumi na saba. Zaidi ya hayo, ndiye aliyepitiwa na mambo ya nyumba: deni, ugonjwa wa macho, na huzuni kubwa kuliko zote, maradhi ya akili ya binti wa Joyce, Lucia. Kwa hiyo barua alizokuwa nazo Léon hazikuwa za fasihi tu. Zilikuwa na uchungu wa wazee wawili juu ya mtoto wao.

Karibu na mwisho marafiki hawa walikosana, kwa sababu ya mgogoro wa ndoa ya Giorgio, mwana wa Joyce. Wakaachana. Kisha katika Juni 1940 majeshi ya Ujerumani yalipoingia Paris, watu walikimbia kwa maelfu, na Léon na familia yake wakajikuta katika kijiji kile kile alichokuwa amekimbilia Joyce, Saint-Gérand-le-Puy. Huko wakapatana. Baada ya miezi michache Joyce alifanya mipango ya kwenda Uswisi. Léon akarejea Paris, mji ulio mikononi mwa watu waliokuwa wakiwawinda Mayahudi.

Nyumba ya Joyce huko Paris ilikuwa imefungwa, na kodi haikulipwa. Léon akaingia, akatoa vitabu na karatasi alizoweza kuzitoa. Mwenye nyumba alipoviweka mnadani vilivyobakia ili alipwe deni lake, Léon akaenda mnadani akanunua alivyoviona vya thamani kwa rafiki yake. Hebu tia akilini hali yake. Yeye mwenyewe hakuwa na usalama wa siku moja. Kila akitoka nje huenda asirudi. Na yule anayemtumikia alikuwa amekwisha kufa: Joyce alifariki Zurich tarehe 13 Januari 1941, tumbo lake lilitoboka kwa kidonda, akiwa na umri wa miaka 58. Hapakuwa na mtu wa kumwambia Léon ahsante, wala wa kumwuliza kama angaliacha.

Vitu alivyookoa alivigawa. Na hapa ndipo penye hekima yake. Barua za siri na karatasi za mambo ya nyumbani alizipeleka kwa mwakilishi wa Ireland mjini Paris, Count O'Kelly, kwa kuwa Ireland haikuingia vitani na Wajerumani hawakuigusa nyumba yake. Akamwomba azifikishe Maktaba ya Taifa ya Ireland, Dublin, na akaweka sharti: zifungwe kwa lakiri, zisifunguliwe mpaka ipite miaka 50 tangu kufa kwa Joyce. Hakuzichoma, maana si zake. Hakuzisambaza, maana ndani yake mlikuwa na watu walio hai, mgonjwa miongoni mwao. Aliziweka mahali ambapo haziwezi kupotea wala haziwezi kumwaibisha mtu, akaacha wakati uzikomaze.

Marafiki walimsihi aondoke Paris. Tarehe 20 Agosti 1941 alikutana na Samuel Beckett, mtunzi mwingine wa Ireland aliyekuwa karibu na Joyce, naye akamwambia ahame mara moja. Léon akajibu kwamba mwanawe Alexis ana mtihani kesho yake, atangoja umalizike. Mzazi yeyote ataielewa jawabu hii. Siku ya pili yake, tarehe 21, alikamatwa. Alipitishwa katika makambi ya Ufaransa, kisha mwaka 1942 akapelekwa Auschwitz, na huko akauawa. Beckett, haukupita muda mrefu baada ya kukamatwa kwake, aliingia katika kundi la siri la watu waliokuwa wakiwapinga Wajerumani.

Furushi la O'Kelly lilifika Dublin, likawekwa, na sharti likatimizwa. Mwaka ulikuja na mwaka ukapita, watafiti wakabisha mlango wakaambiwa bado. Lilifunguliwa mwaka 1991, kama alivyotaka mtu aliyekwisha kuuawa miaka 49 nyuma. Nani katika sisi ana uhakika kwamba sharti aliloliacha kwa mdomo au kwa kikaratasi litashikwa nusu karne na watu asiowajua?

Ama vitabu na miswada mingine aliyoiokoa, baada ya vita vilirudi kwa jamaa wa Joyce, vikaonyeshwa katika duka la vitabu Paris mwaka 1949, na mwaka uliofuata vikanunuliwa kwa ajili ya chuo kikuu cha Buffalo, Marekani, fedha zikawasaidia Nora na mwanawe.

Huenda ukastaajabu: kwa nini vitu hivi vyote viende Marekani, na Ireland yenyewe ikae mikono mitupu? Hapa yataka kusemwa ukweli. Joyce alipozikwa Zurich, serikali ya Ireland haikupeleka mtu kaburini. Nora alipotaka mwili urudishwe Dublin, hakukubaliwa. Kisha Bibi Harriet Shaw Weaver, Mwingereza aliyemkimu Joyce kwa fedha zake miaka mingi na ambaye ndiye wasii wa maandishi yake, alipenda kuipa Dublin miswada ya *Finnegans Wake*. Nora akakataa. Mliomkataa maiti, mnataka karatasi zake? Ikaenda British Museum, London, mwaka 1951. Dublin ilipata kwa Bibi Weaver ule mswada wa *A Portrait*, ndugu wa ule ulionusurika motoni.

Yabaki kutaja moto wa mwisho, ambao ndio uliozua ugomvi mkubwa. Lucia, yule binti mgonjwa, aliishi miaka zaidi ya thelathini katika hospitali ya Northampton, Uingereza, akafa huko mwaka 1982. Mwaka 1988, mbele ya mkutano wa wanachuoni huko Venice, Stephen Joyce, mjukuu wa mtunzi, alisimama akatangaza kwamba amezichoma barua zote ambazo shangazi yake Lucia aliwaandikia yeye na mkewe. Pamoja nazo aliteketeza kadi ambazo Beckett alimwandikia Lucia, na hizo, alisema, kwa ombi la Beckett mwenyewe. Ukumbi ulipigwa na bumbuazi. Wengine walimwita mharibifu wa historia.

Mimi siwezi kumhukumu kwa wepesi hivyo. Barua za 1909 zilikuwa zimechapwa miaka 13 kabla, na Stephen aliona babu na bibi yake wakichekwa na watu ambao hawakula chumvi yao. Barua za Lucia aliandikiwa yeye. Shangazi mgonjwa anapomwandikia mwana wa nduguye, hamwandikii ulimwengu. Kwa upande huo Stephen alikuwa ana haki kuliko yule mume wa mpiga taipu, aliyechoma cha watu. Lakini nikizitazama bahasha za Léon zilizofungwa kwa lakiri nasema palikuwa na njia ya tatu. Lucia alinyamazishwa maisha yake yote na madaktari na kuta. Walioandika habari zake ni watu wengine. Pengine ndani ya barua zile alijisemea mwenyewe. Miaka 50 ya kufuli ingaliwasitiri jamaa wote, na sauti ya yule mwanamke isingalipotea. Stephen alifariki mwaka 2020, naye hakuacha mtoto.

Alexis, yule kijana wa mtihani, alikua akawa mtu mzima Paris. Mama yake Lucie alikufa mwaka 1972. Katika vitu vilivyobaki nyumbani mwao zilionekana, miaka mingi baadaye, karatasi ambazo ulimwengu haukujua kwamba zipo: madaftari ya mwanzo ya Joyce, rasimu za sura za *Ulysses*, sahifa za majaribio za *Finnegans Wake*. Mwaka 2002 Maktaba ya Taifa ya Ireland ilizinunua kwa yuro milioni 12.6, zikapelekwa Dublin, zikawekwa katika nyumba ile ile ya Kildare Street ambamo Joyce alisoma akiwa mwanafunzi na ambamo aliitungia sura nzima ya *Ulysses*.

Mwenyewe yuko Zurich hata leo, katika makaburi ya Fluntern. Mwaka 1966 waliuhamisha mwili wa Nora, uliokuwa umezikwa mbali kidogo, wakauweka kando yake.